Majaji wa bia, msionje barafu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wa Dodoma wanaopenda kushindanisha bia za viwanda vidogo, hasa eli (aina ya bia iitwayo "ale" kwa Kiingereza) za rangi ya kaharabu, zile za kahawia yenye wekundu. Baa zetu huuliza: ya moto au ya baridi? Katika kunywa, kila mtu na raha yake. Katika kutoa alama, chupa inayotoka jasho la friji haifai. Baridi ya nyuzi 3 au 4 hufunga harufu na kuufanya ulimi uzubae, kwa hiyo bia yenye kasoro hupita sawa na nzuri.

Eli hii ionjwe ikiwa kati ya nyuzi 10 na 13. Kwa joto letu la Oktoba na Novemba, chupa haichukui muda mrefu mezani kufika hapo. Kipimajoto cha jikoni kitamaliza ubishi. Mimina mililita 60 hadi 90, nusa papo hapo, ndipo uonje.

Kosa baya kuliko yote ni kuchanganya karameli na siagi. Karameli ni haki ya bia hii. Inatokana na kimea cha shayiri kilichokaangwa, na inanukia sukari iliyoanza kuungua sufuriani. Siagi ni kasoro iitwayo diasetili. Chachu huitengeneza wakati wa kuchacha, kisha huila yenyewe ikiachiwa siku mbili tatu za ziada pasipo baridi. Mpikaji mwenye haraka akiipoza mapema, inabaki humo. Ukiwa na shaka, funika glasi kwa kiganja, ikumbatie kwa mkono wa pili dakika mbili, izungushe, unuse tena. Siagi itapanda kama bisi zilizotoka jikoni sasa hivi, na ulimi utahisi utelezi wa mafuta. Karameli haina utelezi huo.

Ukisikia harufu ya mahindi ya kuchemsha, muulize mpikaji kama alifunika sufuria. Dodoma iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na harufu hiyo, ambayo huondoka na mvuke, hupungua polepole kuliko pwani. Achemshe bila mfuniko, dakika 90 badala ya 60. Harufu ya kicheche ni ya chupa ya kijani au isiyo na rangi iliyopigwa na jua. Ya boksi lililolowa ni ya bia iliyoingiwa na hewa, na joto la safarini huharakisha uharibifu huo.

Meza ya majaji ikae mbali na jiko la nyama choma. Moshi huua pua, na mafuta ya midomoni huua povu, sawa na sabuni iliyobaki kwenye glasi. Mpikaji asiye na kosa anakatwa alama. Suuzeni glasi vizuri, ziinamishwe zikauke zenyewe bila kitambaa. Kati ya bia na bia, mkate mkavu na maji ya chupa, maana ya kisima mengi huku yana chumvi.

Karatasi ya alama ya BJCP, taasisi ya Marekani inayothibitisha majaji wa bia, ina alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, mguso mdomoni 5, maoni ya jumla kuhusu bia 10. Alama 32 ziko kwenye harufu na ladha, ndizo hasa baridi inazificha. Kwa hiyo anayeandaa shindano achapishe joto la kuonjea juu kabisa ya karatasi, kabla ya nafasi ya jina la jaji.

Msomaji wenu,
Nkuhungu, Dodoma