Nimelilia msiba usio wangu kwa sababu ya mbuyu

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu likiuzwa shilingi 500 na sijawahi kukuandikia hata mstari. Ila ile habari yenu ya majuzi, ya kibao cha jina la barabara na bwana mkubwa amekishika kama mtu aliyevua kambale, imenikaa kooni. Eti sasa mkazi wa Dodoma anafikika kirahisi. Anafikiwa na nani?

Vibao vipo, sikatai. Tangu lile zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, nyumba yangu hapa Area C ina namba, barabara ina jina, na postikodi inaanza na 41 kama ya mkoa mzima. Hata programu ya simu ipo, NaPA. Lakini sijawahi kumsikia mtu akimwambia mwenzake njoo nyumba namba fulani. Sisi tunaelekezana kwa vitu vilivyokufa. Shuka palipokuwa na mbuyu. Kata kushoto kwa Mangi, na Mangi mwenyewe alishafunga duka akarudi Rombo. Ukiona geti jeusi, siyo hilo.

Mwezi wa nane, upepo wetu ukiwa kazini, nilikwenda msibani Nkuhungu kwa mzee tuliyefanya naye kazi stoo moja miaka kumi na moja. Kwenye simu nikaambiwa shuka mbuyuni, uliza, hata mtoto anapajua. Mtoto niliyemuuliza amezaliwa mbuyu umeshakatwa. Bodaboda akasema panda mzee, napajua. (Bodaboda akisema napajua, ana maana tutauliza mbele ya safari.) Akanishusha penye turubai la bluu, viti vya plastiki, akina mama na kanga zao. Nikawapa mkono wafiwa. Nikaandikwa kwenye daftari la rambirambi: jina, namba ya simu, elfu ishirini taslimu. Nikala wali maharage. Nikafuta machozi, na yalikuwa ya kweli, si ya vumbi. Nikamsimulia mzee wa kulia kwangu jinsi marehemu alivyokuwa akibeba magunia mawili ya alizeti kwa mpigo, na siku alivyomkunja dereva wa lori shati hadi vifungo vikaruka. Yule mzee alinitazama kwa muda, akasema, “Hayo sisi hatukuyajua.” Ndipo msemaji wa familia akasimama kusoma historia ya marehemu: alizaliwa Kondoa, akasoma hadi darasa la nne, akaolewa. Mhariri, mzee wetu hakuwahi kuolewa. Nilinyanyuka taratibu kama mtu anayetafuta choo, kwa sababu elfu ishirini hairudishwi msibani, hasa ukiwa umeshakula. Msiba wangu ulikuwa mtaa wa nyuma. Nilikuta masufuria yanaoshwa na watu wameshakwenda makaburini. Mlangoni namba ya nyumba imebandikwa, inang'aa, wala hakuna aliyefikiria kunitajia.

Na kwa kuwa kalamu iko mkononi: nani aliwaruhusu makondakta kutufungisha ndoa? Siku hiyohiyo, wakati wa kurudi, konda alitoa noti moja ya elfu mbili, chenji yangu na ya kijana nisiyemjua, akasema mtagawana huko chini. Kijana anashuka Majengo, mimi naendelea mbele. Ikabidi nishuke naye. Tukanunua karanga ili tuvunje noti. Muuza karanga hana chenji, akatuongezea karanga.

Nilipomlalamikia jirani yangu, Mgogo wa hapa hapa, alicheka hadi akakaa chini. Akanikumbusha kwamba mji wenyewe jina lake ni maelekezo: Idodomya, pale alipozama tembo. “Tembo umemwona?” Sikuwa na jibu, nami nimeishi hapa tangu enzi za CDA, ile mamlaka ya zamani ya kustawisha makao makuu.

Basi tukubali yaishe. Chini ya kila jina la barabara waongeze, kwa herufi za urefu wa kiganja, PALIPOKUWA NA MBUYU, au KWA MANGI (AMEHAMA). Na kila turubai la msiba litundikwe kibao upande wa barabara, kisomeke kabla mtu hajalifikia daftari, kieleze marehemu ni bibi au babu.

Mimi kwangu yamechelewa. Kwa kuwa namba yangu ya simu wanayo, ile familia imenipigia kunialika arobaini, na yule mzee ameomba niketi tena karibu naye. Nitakwenda. Ndiyo nyumba pekee Nkuhungu ninayoijua njia.

Mstaafu wa Area C,
Dodoma