Barua kwa Mwanangu: Jina la Mtu Hewani

Sakina, Arusha

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Sisi hatujambo, ila mvua haikatiki na bibi yako analalamikia magoti. Juzi usiku nilifungua matangazo yenu kwenye simu, tukakusikiliza wote. Sauti imetulia, pumzi unazipanga vizuri. Lakini kwenye ile habari ya ajali ya bodaboda ulimtaja marehemu kwa jina, na nilipokuuliza umelipata wapi ukanijibu, "Mama, lilikuwa limeshazagaa kwenye magrupu." Sikulala vizuri.

Sijawahi kukusimulia hili. Nikiwa mwaka wa tatu kazini, basi lilipinduka barabara ya Namanga. Mtu aliyekuwa eneo la tukio alinipa majina kwa simu, nami nikayasoma kwenye taarifa ya saa mbili usiku. Mmoja alikuwa Mollel. Wewe unajua akina Mollel huku walivyo wengi. Kabla ya saa nne, Ngaramtoni walikuwa wameshafunga turubai nyumbani kwa mtu aliyekuwa Longido ananunua mbuzi, mzima kabisa. Mama yake alizimia mara mbili. Kesho yake nilikwenda kuomba radhi. Yule mama alinikaribisha, akanimiminia chai, kikombe kikapoa mkononi mwangu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Hukuwa na mtu wa kumuuliza?"

Miaka ile Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilikuwa hapa mjini, kwenye jengo la AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa. Sisi waandishi tulikaa nyuma ya kioo, vipokea sauti masikioni, tukifuatilia kesi ya vyombo vya habari. Kanda za RTLM, redio ya Rwanda iliyochochea mauaji yale ya 1994, zilipigwa mahakamani. Kilichonitisha ni kwamba watangazaji wake walikuwa hodari: muziki, utani, lugha tamu, halafu jina la mtu, mahali alipo, hata namba ya gari lake. Hukumu ilisomwa tarehe 3 Desemba 2003, wewe ukiwa na miaka miwili, nimekuacha kwa jirani. Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa redio hiyo, na Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura, walipewa kifungo cha maisha; Barayagwiza, mwanzilishi mwingine wa redio, miaka 35. Kwenye rufaa ya 2007 vikawa miaka 30 kwa Nahimana, 35 kwa Ngeze na 32 kwa Barayagwiza. Wale walikusudia, mimi nilizembea, na sitaki uchanganye mambo hayo mawili. Ila nilitoka pale nikijua kwamba jina likishapita kwenye maikrofoni halirudi, hata uombe radhi mara kumi.

Ndiyo maana vijana ninaowafundisha huku hawasomi jina ambalo pembeni yake hakuna maandishi ya kalamu: nani amelisema, saa ngapi, na nani wa pili amelithibitisha. Wa pili asipopokea simu, jina linabaki mezani. "Mkazi wa Ngaramtoni" inatosha mpaka asubuhi. Mhariri atakuhimiza, kituo kingine kitakutangulia. Waache wakutangulie.

Na ukienda kuhoji, kinasa sauti kikae ngumi moja kutoka mdomoni, kisha mwombe mtu aanze kwa kutaja jina lake na kazi yake. Utapima kiwango cha sauti, na utajua linavyotamkwa kwao. Sikiliza vizuri hapo. Hata mama muuza ndizi aliyekuwa anaogopa maikrofoni, akitaja jina lake sauti yake hunyooka. Kwa miaka yote hii sijachoka kuisikia sehemu hiyo.

Habari za mshahara tutaongea ukija.

Nimempa kondakta wa Coaster ya saa mbili daftari langu la jalada jekundu, lipokee stendi. Ndani yake mna namba za wenyeviti wa vijiji, wauguzi, madereva, walimu. Nyingi zitakuwa zimebadilika, kwa hiyo zipige moja moja, ujitambulishe, usisubiri mpaka siku utakapozihitaji.

Lakini kabla ya hilo, leo hii itafute familia ya yule kijana wa bodaboda. Kama jina lilikuwa lake, wape pole, usirekodi chochote. Kama halikuwa lake, nipigie hata iwe usiku. Nitapanda gari la kwanza la asubuhi, twende wote.

Mama yako