Kijana wangu ataka tumchukue haski, na mama mkwe yuko njiani

Shangazi mpendwa,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kutoka Minnesota, Marekani, ambako tunaishi na mume wangu na watoto wetu watatu tangu tulipohama Mombasa. Wengine huenda wakasema nimekosa la kuandikia, lakini nyumbani kwangu jambo hili limewafanya baba na mwana wasiangaliane usoni mezani.

Kijana wangu mkubwa ana miaka 16. Jumamosi hujitolea katika kituo cha kuhifadhi wanyama walioachwa, na huko ndiko alikokutana na mbwa mmoja dume wa aina ya haski, mdogo, hata mwaka hajatimiza. Jicho moja buluu, jingine kahawia, jambo ambalo kwa haski ni la kawaida. Kituo kimeshamhasi, kimemchanja na kumtia chipu chini ya ngozi. Waliomchukua mwanzo walimrudisha kwa sababu alikuwa akiruka ua na kulia kutwa wakiwa kazini. Sasa mwanangu anaomba tumchukue sisi.

Sitaki umwone kuwa mtoto anayetaka mnyama kwa uzuri wake tu. Amesoma, na sasa nami nayajua ambayo sikuwahi kudhani nitayajua. Haski walitoka kaskazini mashariki mwa Siberia kwa watu waitwao Wachukchi, waliowatumia kuvuta sleji, yaani magari ya kuteleza yasiyo na magurudumu, juu ya theluji: mzigo mwepesi, safari ndefu. Mwanzoni mwa karne iliyopita wakapelekwa Alaska. Mwaka 1925 mji wa Nome huko Alaska ulipoingiliwa na ugonjwa wa dondakoo, dawa ilisafirishwa kwa sleji za mbwa waliopokezana zaidi ya kilomita 1,000 kwa muda wa chini ya siku sita, katika baridi kali ajabu. Kijana akinisimulia kisa cha Togo, mbwa aliyekuwa akiongoza kipande kirefu zaidi cha safari ile, macho yake hung'aa. Ni mtoto mkimya, Shangazi. Miaka hii ya karibuni sijamsikia akizungumza kwa furaha hivyo kuhusu kitu chochote.

Lakini kisa hicho hicho ndicho kinachonitia hofu. Mnyama aliyeumbiwa kukimbia kutwa, mimi nitampa nini? Mume wangu ni dereva wa lori la masafa, huondoka siku kadhaa kwa mpigo. Mimi nafanya zamu za usiku katika nyumba ya wazee na mchana nalala. Kijana yuko shuleni hadi alasiri. Ua wetu ni wa futi nne. Kituoni wameniambia kwa haski tujenge wa futi sita na tufukie waya chini, kwa sababu asiporuka atachimba. Bima ya nyumba nayo lazima niulize, maana kampuni nyingine zina orodha ya mbwa zisiowataka na haski huwemo. Halafu tuna paka. Ni mzee, hasikii vizuri, na haski wengi wakiona kitu kidogo kinakimbia hukifukuza bila kuuliza. Kituo hakijamjaribu huyu na paka. Wamesema tunaweza kuomba wamjaribu, na hilo nitaliomba kwa vyovyote.

Na haski huishi miaka 12 hadi 14. Miaka miwili ijayo, Inshallah, kijana atakwenda chuo kikuu. Atakayebaki na kamba mkononi alfajiri ya Januari, baridi ikiwa chini ya sifuri, namjua.

Hayo yote, Shangazi, ningeyabeba. Uzito wenyewe ni mama mkwe. Tiketi imeshakatwa, anakuja kuishi nasi moja kwa moja baada ya Ramadhani. Ni mama wa Mji wa Kale, mcha Mungu, aliyenipokea kama binti yake na kunilelea wanangu wawili wa kwanza nilipokuwa nasoma. Barabarani akipitwa na mbwa koko huukusanya upindo wa buibui lake hadi apite. Sisi ni Mashafii kama walivyo Waislamu wengi wa mwambao, na kwetu pale alipotia mbwa ulimi huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Manyoya makavu yangekuwa na nafuu, lakini hapa mbwa hutoka kwenye theluji akaingia ndani ameroa chapachapa, na haski hunyonyoka hasa, mara mbili kwa mwaka manyoya yake hutoka kwa mafungu. Mama ataswali wapi kwa utulivu?

Mume wangu amesema hapana. Ameitoa ile Hadithi ya thawabu kupungua kila siku kwa anayefuga mbwa asiye wa kuwinda wala wa kulinda mifugo au shamba. Kijana akajibu kwa adabu, akataja mbwa wa watu wa pangoni katika Suratul Kahf, na yule mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Imamu wetu aliwasikiliza wote wawili, akaeleza kwamba Wamaliki, wafuasi wa madhehebu ya Imam Malik, humwona mbwa hai kuwa twahara, kisha akasema kumridhisha mama nako ni ibada. Tukatoka kila mtu na lake.

Nilifikiri nimepata njia ya kati: mbwa akae chumba cha chini, kina mlango wake wa kutokea uani, na mama awe juu na msala wake. Nikawaeleza kituoni. Mama mmoja anayefanya kazi pale akanijibu kwa upole kwamba haski aliyetengwa na watu, asiye na shughuli, ndiye anayetafuna milango, kulia usiku na kutoroka. Kwa maneno mengine, kile kitakachomtuliza mama mkwe ndicho kitakachomharibu mbwa, na safari hii akirudishwa itakuwa mara ya pili, akiwa mkubwa zaidi na mwenye sifa mbaya zaidi. Tangu siku hiyo sioni tena ile njia ya kati. Naona ama tumchukue kwa ukamilifu, alale tunapolala na akimbizwe kila siku, ama tumwache apate watu wanaoweza.

Moyo wangu, nikuambie kweli, unaelekea kumwacha. Ila naogopa kumwambia kijana hapana kwa namna itakayomfanya aone dini na nyanya yake ndivyo vilivyomnyima. Ndani ya huruma yake kwa mnyama yule naona malezi yetu wenyewe, na sitaki ajifunze kuificha. Nimewaza kumwomba aendelee kumtembeza pale kituoni mpaka apate kwao, au tuchukue mnyama mwingine anayetuweza, lakini kila nikianza sentensi naikatisha.

Kituo kitamweka hadi Jumapili. Naomba unishauri: ni sawa kuamua bila mama mkwe kujua lolote, au apigiwe simu kabla hajapanda ndege aulizwe kama mwenye nyumba, maana itakuwa nyumba yake pia? Na akiulizwa, ni mimi mkwewe wa kulitamka, au nisubiri mwanawe arudi safari aseme mwenyewe?

Wako,
Mama wa watatu, Minnesota