Hiyo ahadi ya roboti mmeishia getini

Kwa Mhariri,

Nimesoma ile habari yenu ya kampuni za kutengeneza roboti na ahadi zao za kupunguza kaboni, ile mliyoipa ukurasa mzima na picha ya mkono wa manjano, na kusema kweli mmewasifu mno manake mwandishi wenu ameishia getini kwa kiwanda. Mimi ni fundi wa stima, niko kampuni moja huku Changamwe, tuna roboti mbili za kupanga magunia kwenye paleti, kwa hivyo naongea kitu nakishika kila siku.

Hawa jamaa kaboni yao wanaihesabu mafungu matatu. La kwanza moshi wao wenyewe, boila, magari, majenereta. La pili stima wanayonunua. La tatu ndo kapu la kila kitu kingine, chuma na alumini walizonunua, meli, na stima yote itakayoliwa na hiyo roboti miaka yote itakapokuwa kwa mteja. Sasa chukua ABB, kampuni ya Uswisi inayojulikana kwa roboti, fungu la kwanza na la pili wameahidi kushusha asilimia 80 ifikapo 2030 wakipima na 2019, safi, hongera zao. Fungu la tatu je? Asilimia 25 mwaka huo huo, wakipima na 2022, na humo ndimo karibu kaboni yao yote iliko! Ile 80 mmeiandika kubwa, hii 25 nimeitafuta mpaka macho yakaniuma.

Na hilo fungu la tatu si hesabu za makaratasi. Roboti zetu zilikuwa zikimaliza shifti jioni zinaachwa zinawaka mpaka asubuhi, mkono uko hewani, mota zinakula stima kuushikilia usianguke na breki za kazi hiyo hiyo zimo ndani. Tena vikombe vya kunyonya gunia vinataka upepo wa kompresa, mpira ukivuja mahali kompresa inanguruma usiku kucha hakuna anayefanya kazi. Nilikuja kushtuka Ramadhani moja, tumepunguza shifti na bili imekaa pale pale. Kuchimba chimba nikakuta kwenye kontrola, ile kompyuta inayoiendesha roboti, kuna setingi ya kuzima mota yenyewe roboti ikikaa bila kazi, imo tangu siku ya kwanza, fundi aliyekuja kutufungia roboti hakuiwasha setingi hiyo wala hakututajia na kile kitabu chao ni kinene kama tofali, nani atakisoma.

Mimi ningemuuliza mtengenezaji hapo tu. Kwa nini hiyo setingi isitoke kiwandani ishawashwa, asiyeitaka aizime mwenyewe? Haina gharama yoyote hiyo.

Sisi hapa bado afadhali, stima ya Kenya nyingi ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo wa Turkana (ingawa hapa Kipevu mitambo ya mafuta mazito tunaiona kwa macho). Lakini zaidi ya nusu ya roboti mpya za viwandani zinafungwa China, na huko zaidi ya nusu ya stima inatoka kwa makaa ya mawe. Roboti moja ikikesha bure huko si sawa na yangu ikikesha Changamwe.

Halafu kuna hili hamkuligusa kabisa. Oktoba 2025 ABB hao hao walitangaza wanaiuza idara yao ya roboti kwa SoftBank ya Japani, takriban dola bilioni 5.4. Sasa ile kaboni ya mikono iliyokwisha kuuzwa inabaki kwa daftari la nani, na ahadi inahamia na mali au inabaki Uswisi? Mkirudi kwa habari hii muulizeni mtu hilo, tafadhalini.

Zetu nishaziweka mota zijizime zikikaa dakika tano bila kazi. Bosi anadhani bei ya stima imeshuka, na sijamwambia bado.

Fundi wa stima,
Changamwe, Mombasa