Walezi wa Malindi: kabla mtoto hajahamia kwenu

Asalaam aleikum na hamjambo nyote. Mtoto asitolewe kwenye makao ya watoto ghafla na begi lake. Wengi hutoroka wakarudi kwa sababu hiyo. Aanze kushinda kwenu mchana, kisha alale wikendi, ahamie shule zikifungwa. Ndugu wa tumbo moja msiwatenganishe.

Afisa wa watoto akague nyumba na kuidhinisha kwanza. Neno la meneja wa makao pekee halitoshi, hata akiwa rafiki yenu. Siku ya kuhama daini faili: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, ripoti ya shule, dawa na dozi zake.

Wanaotaka kafala (malezi ya Kiislamu ya mtoto asiye wako, bila kumuasili), Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 inaitambua. Mtoto hubaki na jina la babake mzazi.

Picha za watoto zisitumwe humu kundini, tafadhalini.