Ile 3 kati ya 10 haikuniambia kitu kuhusu shule ya mwanangu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na wazazi wenzangu tulioko huku Marekani, hasa nyie mnaotafuta nyumba ya kupanga kwa kuangalia shule kwanza, maana hii tabia imetuingia wengi na mimi nilikuwa nayo.

Mwaka juzi tulipata nyumba nzuri tu, kodi tunaiweza, basi linapita hapo hapo. Mke wangu akafungua websaiti ya nyumba, chini ya picha pameandikwa shule ya kati ya serikali ya eneo hilo na pembeni yake namba ya kuipima ubora, 3 kati ya 10. Ikawa kesi. Shemeji akanipigia, "shemeji, huko unampeleka mtoto akapotee", na kwenye grupu la WhatsApp kila mtu akageuka mtaalamu wa elimu. Usiku nikakaa na laptop kufukua hiyo 3 imetoka wapi, nikajikuta nimekesha.

Iko hivi. Kuna sheria ya elimu ya nchi nzima ya 2002, ikaja ikafumuliwa 2015 lakini hili likabaki, kwamba shule za serikali zipime watoto kila mwaka kusoma na hesabu kuanzia gredi ya 3 mpaka ya 8, yaani shule ya kati ambayo sehemu nyingi ni gredi ya 6, 7 na 8 hakuna darasa linalopumua. Halafu majibu yanachambuliwa kwa makundi, kila kundi na mstari wake: rangi na asili, kipato cha nyumbani, wenye ulemavu, wanaojifunza Kiingereza. Hilo naliunga mkono kabisa, maana zamani shule ilikuwa inajificha nyuma ya wastani, watoto wa wenye nacho wanapasi, wa kwetu wanaanguka, wastani unapendeza na hakuna anayeuliza.

Ila sasa sisi tunavyoisoma! Chukua huo mstari wa wanaojifunza Kiingereza, ambao kwenye shule yetu ulikuwa chini kuliko yote. Lile ni kundi lenye mlango wa kutokea. Kila mwaka watoto wanapimwa Kiingereza, aliyekiweza anatolewa, anayebaki ni yule ambaye bado, na juu yake wanaongezwa walioshuka kwenye ndege mwezi uliopita. Kundi ambalo kila anayefaulu anaondoka litapandaje? Hata ulete mwalimu wa aina gani. Watafiti wa lugha wanasema Kiingereza cha darasani, sio kile cha kuulizia choo kiko wapi, kinachukua kama miaka 4 hadi 7, na mtoto akiingia gredi ya 6 shule ya kati anakaa miaka 3 tu, piga hesabu mwenyewe. Ni kweli sheria ya 2015 inaruhusu jimbo liendelee kuwahesabu waliotoka mpaka miaka 4, lakini mzazi anayeangalia namba kwenye simu atajuaje kama wamo au hawamo?

Nikupe mfano wa nyumbani kwangu. Kijana alikuja na swali la hesabu la mazoezi, kutafuta eneo, kitu alichokijua tangu yuko darasa la nne. Amekwama nusu saa. Kumbe kilichomkwamisha ni neno moja tu, lile la blanketi linaloshonwa kwa vipande vipande vya kitambaa, hajawahi kuliona wala kulisikia, anadhani ni fomula. Nilipomwambia ni blanketi akacheka, dakika moja kamaliza. Kwenye mtihani wa jimbo pale angekosa, na kosa lake lingeandikwa hesabu.

Na hayo makundi yenyewe mengine ni kapu tu. Watoto wetu wanawekwa kwenye "Weusi", mtoto aliyetoka kambi ya wakimbizi juzi na mtoto ambaye ukoo wake uko Marekani miaka mia mbili, mstari mmoja, wakati shida zao hazifanani hata kidogo. Kundi likiwa dogo sana, kuna majimbo ni chini ya watoto 10, mengine 20, wanaficha kabisa kulinda siri za watoto, penye namba unaona kanyota tu.

Kipato nacho usiseme. Miaka yote kipimo cha umaskini kimekuwa chakula cha mchana, familia ikiwa chini ya asilimia 130 ya mstari wa umaskini mtoto anakula bure, mpaka 185 analipa kidogo. Ila siku hizi kuna mpango ambao shule yenye uhitaji mkubwa inalisha watoto wote bila fomu, na tangu 2023 masharti yake yamelegezwa, kwa hiyo ukikuta shule imeandikwa karibu wote ni maskini, huenda ni sahani tu ndo zimehesabiwa.

Kitu kilichonituliza ni kusoma habari za Chicago. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sean Reardon, mwaka 2017 alionyesha kwamba watoto wa huko walikuwa na alama za chini lakini toka gredi ya 3 mpaka ya 8 walisogea kama miaka 6 ya masomo ndani ya miaka 5. Hiyo ndo shule, imemkuta mtoto wapi na imemfikisha wapi. Alama tupu zinakuambia zaidi mshahara wa wazazi.

Lakini walimu nao wasijifiche humo. Mmoja aliniambia "unajua watoto wetu wa hapa hali zao...", nikamkatiza, nikamwambia hali nazijua, naishi nazo, nioneshe wamesogea kiasi gani. Ofisini wakanifungulia ukurasa mwingine kabisa, wa ukuaji, na pale shule yetu ilikuwa juu ya ile ya ng'ambo ya barabara kuu yenye 8 ambayo shemeji anaisifia.

Nyumba tulichukua. Kijana yuko gredi ya 8 sasa, juzi kafanya ule mtihani wa kumtoa kwenye kundi la Kiingereza, tunasubiri majibu. Akipasi nyumbani tutapika, na ule mstari kwenye websaiti utashuka tena kidogo.

Mzazi, Marekani