Mwani wetu ni chakula, hauyeyushi mawe ya nyongo

Wiki hii tena. Mama mmoja wa Mjini Unguja katuma ujumbe wa sauti wa dakika nne: kala mwani wetu, ule unaolimwa baharini, miezi miwili, kapigwa altrasaundi, mawe yako pale pale, basi arudishiwe pesa. Ni wa tatu tangu Ramadhani. Mama yangu, pakiti imeandikwa unga wa mwani. Neno dawa halimo.

Mgonjwa wa mawe anakatazwa mafuta kwa sababu kifuko cha nyongo hujikaza mafuta yakifika tumboni, na jiwe likiziba njia ndipo mtu anajikunja kwa maumivu chini ya mbavu za kulia. Mwani una nyuzinyuzi na karibu hauna mafuta, kwa hivyo unamfaa mezani. Basi.

Mwengine alinishtaki kwa mumewe kwamba mwani umemlaza kwa maumivu. Nikamuuliza, "Dada, ulipikaje?" Kautia tui zito la nazi mbili, na kachori pembeni! Uchemshe chukuchuku, kamulia ndimu, tia pilipili ukipenda.

Halafu bei. "Paje gunia zima nalipata kwa pesa hiyo." Unalipata, lakini lile ni la kusafirishwa kiwandani, mara nyingi limeanikwa chini, lina chumvi na mchanga wake. Kijana mmoja alinikimbia akaenda kununua huko, akasaga mwenyewe. Kabla nyongo haijamuuma, lilivunjika jino. Kung'oa kulimgharimu kuliko pakiti zangu za mwaka.

Wetu tunauvuna bamvua, maji yakitoka mbali, umeshakaa kwenye kamba wiki sita, tunauanika juu ya kichanja. Kilo saba na zaidi za mbichi ndio kilo moja kavu. Kisha tunausuuza maji matatu, tunaurudisha juani mpaka rangi iutoke, na chumvi ikishaondoka uzito unapungua tena. Hapo ndipo tunasaga. Nikishusha bei, niache maji ya ngapi?

Mwenye rovu, ule uvimbe wa shingo, asinunue kabla ya kumuuliza daktari, mwani una madini joto. Na wale wa kushinda wiki nzima kwa uji wa mwani peke yake ili wapungue haraka: kupungua ghafla kwenyewe kunazalisha mawe.

Juzi alikuja mtu dukani, pesa mkononi, anataka pakiti nne. Macho yake ya njano, na homa juu. Sikumuuzia. Nilimwitia bodaboda, nikamwambia dereva ampeleke hospitali ya Mnazi Mmoja moja kwa moja.